Laini Iliyo kwa Jina Langu

Simu ya dukani iliita nikiwa nimemshika mzee mmoja kidevu, namweka miwani sawa juu ya pua. Kazi ya miwani ni ya mikono miwili. Ukilegeza skrubu fremu inamdondoka mtu barabarani, ukiikaza kupita kiasi kioo kinapasuka mbele ya mteja. Nikaiacha iite. Ikakatika, ikaita tena, mpaka mzee mwenyewe akacheka.

"Pokea, binti. Huenda ni mchumba."

Hakuwa mchumba. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole, ule upole wa daktari anapokuomba ukae kwanza.

"Naongea kutoka ofisi ya mapato. Tumepiga simu yako ya mkononi tangu asubuhi, haipatikani. Namba hii ni yako?"

Akaisoma. Niliijua namba ile kuliko ninavyoijua siku yangu ya kuzaliwa.

"Ndiyo, ni yangu," nikasema kabla sijafikiri.

"Kuna ushindi wa michezo ya kubahatisha mtandaoni umeingia kwenye laini hiyo, na haukulipiwa kodi. Njoo Jumatano saa nne, ghorofa ya saba. Uje na kitambulisho."

"Lakini mimi sichezi kamari, dada yangu!"

"Njoo utueleze hayo hayo."

Nilipoirudisha simu mahali pake, niliikamata bisibisi kinyume, mzee wa watu akajifungia skrubu mwenyewe.

Hadithi ya ile laini inachekesha, au niseme ilikuwa inachekesha. Mwaka juzi mimi na Fundi tuligombana. Fundi ni mchumba wangu, kazi yake kutengeneza lifti. Mwanamke alimpigia tukiwa pamoja, akasema ni mteja, nami nikanuna siku mbili nzima. Siku ya tatu akaja dukani na nguo zake za kazi, mafuta mpaka kwenye nyusi, akaichomoa laini yake na kuniwekea kiganjani. "Shika. Kila atakayenitafuta mimi atakupata wewe. Haya, nipe yako." Nikampa. Wenzetu huvishana pete, sisi tukavishana laini. Tangu hapo watu walionaswa kwenye lifti wananipigia mimi, na wenye miwani iliyokuwa tayari wanampigia yeye, na tunacheka. Nikitaka kumsikia, napiga namba yangu mwenyewe ya zamani.

Kwenye ile laini yake zilikuwa zinaingia pia meseji za kubeti, leo bonasi, kesho zawadi. Nilikuwa nazifuta tu. Nani siku hizi hapati takataka za namna hiyo?

Jioni nilimweleza kaka yangu. Kaka ni karani mahakamani, ndiye anayesimama mlangoni na kuita majina ya washtakiwa. Ana sauti ya kazi hiyo hata akiomba maji ya kunywa. Mama alikuwa anakunja nguo, akaacha.

"Nilisema," Mama akaanza. "Nilisema mimi! Mwanaume anayeshinda ndani ya shimo, utamjua lini?"

"Mama, subiri," Kaka akasema. Akanigeukia. "Sikiliza, mdogo wangu. Kampuni yenye leseni hapa nchini inamkata mshindi kodi yake, ndipo inamlipa. Hii bila shaka ni ya nje, leseni haina, haikati kitu. Hapo mshindi anatakiwa aende kwa miguu yake akatangaze alichopata. Asipokwenda, amekwepa kodi. Akipokea kwa laini ya mtu mwingine, wanajiuliza anaficha nini. Kisha kuna lile lingine la kucheza kwenye kampuni isiyoruhusiwa. Nimeita majina ya watu kwa makosa hayo. Wengine walikuja na suti."

"Lakini sijashika hata senti moja, Kaka."

"Jina lako limeshika."

Mama akakaa juu ya zile nguo alizokwisha kuzikunja.

"Utasema laini iliibiwa," Kaka akasema.

"Nikisema iliibiwa, mwizi atakuwa nani?"

"Mwizi atakuwa mwizi," Mama akadakia.

"Mama, huyo ndiye anayenioa!"

"Anakuoa au anakufunga?"

Kaka akainama, akanishika mikono. Hapo sauti yake haikuwa ya mahakamani tena. "Siku moja nikiwa pale mlangoni nisome jina la mdogo wangu? Siwezi. Nitaisoma herufi ya kwanza nizimie. Niahidi jambo moja: usimpigie. Wakiangalia simu zenu, wataona aliyeibiwa anazungumza na mwizi wake."

Nikaahidi. Sikuwa na ujasiri wa kuahidi kitu kingine.

Fundi alinipigia usiku huo, akanipigia kesho yake asubuhi, mchana, jioni. Nilikuwa nakaa kitandani naitazama simu inavyowaka. Namba yangu mwenyewe inanililia, nami siipokei. Nilimchukia kwa kunificha, kisha nikamwonea huruma, kisha nikaogopa, na hofu ndiyo iliyobaki. Nilimpenda yule mtu. Nampenda na hivi ninavyosimulia, na kama kuna dawa yake sijaiona kwenye duka lolote.

Jumatano ikafika. Tulipoingia kwenye lile jengo, Kaka na shati lake la kazini, mimi na kitambulisho nimekikamata mpaka kimelowa jasho, nilimwona. Alikuwa amepiga goti mbele ya lifti, sanduku la vifaa wazi pembeni. Ningesahauje? Jengo lile lilikuwa moja ya yale anayoyahudumia.

Akaniona. Uso ukamchanua kwanza, kisha akaona sura ya Kaka, kisha akasoma kibao cha ukutani kinachoeleza ghorofa gani kuna ofisi gani. Uso ukafifia.

"Shikamoo, shemeji," akamwambia Kaka.

Kaka akampa mgongo. Akaniambia, "Twende ngazini."

"Kaka, ni ghorofa saba. Na saa nne ndiyo hii."

"Mimi siingii kwenye sanduku lililofungwa na mkono wa mcheza kamari."

"Basi panda, nitakukuta juu."

Akanitazama kwa muda. Akamtazama Fundi kwa muda mrefu zaidi, kisha akaanza kupanda kwa hasira, kama ngazi zenyewe ndizo zilizomkosea. Nikaingia kwenye lifti. Fundi akaingia nyuma yangu, mlango ukajifunga, tukapanda kidogo. Akachomeka ufunguo wake kwenye kitasa kilicho chini ya vitufe, akauzungusha. Lifti ikasimama.

"Umeitwa kwa ajili yangu," akasema.

"Nimeitwa kwa ajili yangu. Jina ni langu, umesahau?"

"Nilipiga simu..."

"Nimekatazwa kupokea. Natakiwa niseme umeniibia laini."

Alijiegemeza ukutani. Mtu anayening'inia kwenye kamba za chuma bila kupepesa, nikamwona anatafuta pa kushika.

"Ulishinda?" nikamuuliza.

"Nilishinda."

"Kiasi gani?"

Akanitajia. Ulikuwa mshahara wangu wa miaka minne.

"Lini?"

"Kabla ya mvua. Nilitaka nikushangaze, mpenzi. Nilijua wameshakata kodi yao, kama zinavyofanya kampuni za hapa. Nilishawahi kushinda vijisenti hapa, wakakata wenyewe, nikapewa kilichobaki. Hii ya nje ilikuwa na malipo mazuri zaidi. Sikuuliza. Pesa iliingia nzima, nikafurahi kwamba imeingia nzima!"

"Hukujiuliza kwa nini imekuwa nzima?"

"Nani anajiuliza siku ya namna hiyo?"

Nilitaka kumpiga kofi, na nilitaka kumfuta lile doa la mafuta shavuni. Sikufanya lolote kati ya hayo.

"Pesa iko wapi?"

Akaangalia miguu yake. "Nimekukodishia duka. La kwako, si la bosi. Lile la kona, lenye dirisha kubwa. Nimelipa kodi ya pango ya mwaka mzima na nimenunua mashine ya kukata vioo. Nilikuwa nasubiri rangi ikauke nikupeleke."

Duka lenye dirisha kubwa. Tulikuwa tukipita pale jioni, nasimama, namwonyesha kwa kidole: hapa kiti cha kupimia, pale kibao cha herufi. Ile ndoto niliyomsimulia kwa utani alikuwa ameibeba kichwani muda wote. Machozi yakanitoka bila kuomba ruhusa. Halafu hofu ikanipata mpya, kubwa kuliko ya kwanza.

"Umeandikisha kwa jina la nani?"

"La kwako. Lingekuwa zawadi gani likiwa kwa jina langu?"

"Mungu wangu." Nikakaa chini kwenye sakafu ya lifti, na gauni langu la heshima. "Pesa imeingia kwa jina langu. Imetoka kwa jina langu. Duka ni la jina langu. Wewe humo hata kwa herufi moja! Nikisema laini iliibiwa, wataniuliza ni mwizi gani huyo anayekwenda kunikodishia duka."

Alichuchumaa mbele yangu. Nikaona imemwingia wakati ule ule. Kila alichokifanya kwa mapenzi kilikuwa kimenifunga kamba.

"Kilichobaki kipo?" nikauliza. "Cha kulipia hiyo kodi?"

Akaanza kusugua doa la mafuta kiganjani.

"Nakuuliza."

"Nilijaribu kukiongeza."

"Kikaongezeka?"

"Kimeisha."

"Lini mara ya mwisho ulicheza?"

Mimi nimezoea kutazama macho ya watu. Ndiyo kazi yangu. Mtu anayebahatisha herufi za kibao, macho yake hukimbilia pembeni kabla mdomo haujafunguka. Macho ya Fundi yakakimbilia pembeni.

"Jana," akasema.

Watu wakaanza kugonga mlango wa lifti huko chini, wanataka kupanda. Nikainuka, nikajipangusa vumbi.

"Washa lifti yako."

"Nitapanda nawe. Nitawaambia ni mimi."

"Ukija, wanaweza kukufunga. Usipokuja, wanaweza kunifunga mimi. Sikuambii uchague lipi. Sitaki siku moja uniambie nilikusukuma."

Akauzungusha ufunguo. Tukapanda. Vidole vyake viligusa vyangu kidogo, au ni lifti iliyotikisika. Mlango ukafunguka ghorofa ya saba, nikatoka. Yeye akabaki ndani na kichwa ameinamisha, mlango ukajifunga mbele ya uso wake.

Kaka alikuwa ameshafika, jasho linamtiririka, amekaa mbele ya meza ya afisa. Ni yule mwanamke mwenye sauti ya upole. Miwani yake ilikuwa imepitwa na macho yake. Aliinua kidevu kila alipotaka kusoma, na ningekuwa dukani ningemwambia.

"Shikamoo."

"Marahaba, dada. Kaa. Kaka yako ameshaniambia kwamba laini iliibiwa."

Nikamtazama Kaka. Akanikonyeza kwa jicho moja, maskini, mtu mzima na heshima zake.

"Sasa nataka kusikia kutoka kwako," afisa akaendelea, "na nakutahadharisha mapema. Kodi isiyolipwa ina faini na riba yake, hayo yanazungumzika. Uongo ukisemwa kwenye meza hii ni kosa jingine, na hilo halizungumziki na mimi. Iliibiwa?"

Huko nje nikaisikia lifti. Nilitega sikio kama mgonjwa anayesubiri jina lake liitwe. Ilikuwa inashuka. Ikashuka, ikashuka, sauti ikaisha.

Amekwenda, nikajiambia. Hakuna kitu kilichowahi kuniuma namna ile.

"Mwizi huyu," afisa akasema, akiinua kidevu kusoma, "ndiye pia aliyekukodishia duka la miwani kwenye kona?"

"Duka gani?" Kaka akaropoka. Rangi ilimtoka usoni. Alikuwa ameujenga uongo wake kwa uangalifu wote, na dirisha kubwa likauangukia.

"Haikuibwa," nikasema. "Kaka yangu ananipenda, ndiyo maana amesema hivyo. Naomba asiandikwe. Laini niliitoa mwenyewe, kwa mkono huu."

"Kwa nani?"

Nikafungua mdomo. Jina lake lilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi, nililolitamka mara elfu kwa furaha. Likakataa kutoka.

"Atakuja mwenyewe."

"Na asipokuja?"

"Basi andika langu."

"Usiandike!" Kaka akasimama. "Afisa, tafadhali usiandike! Huyu mtoto amerogwa na mapenzi, hajui anachosema!"

"Kaa chini, kaka yangu." Afisa alikuwa ameshashika kalamu. Akanitazama kwa muda, kisha akaiteremsha kwenye karatasi.

Mlango ukagongwa.

Alikuwa amevua ovaroli. Alikuwa na shati ambalo halikupigwa pasi, na mikono ameisugua mpaka imekuwa myekundu. Alikuja mpaka mezani, akatoa simu yake, akaichomoa laini na kuiweka mbele ya afisa.

"Hiyo hapo. Jina ni lake, ila aliyecheza ni mimi. Yeye hakujua. Duka pia hakulijua mpaka leo asubuhi." Akanigeukia. "Nilishuka kukabidhi funguo kwa msimamizi. Nimemweleza kila kitu. Sijui kama atanirudisha kazini."

Nilikuwa nalia na kujifuta kwa mkoba.

Afisa alimuuliza maswali mengi, mengine ya kurudia kwa njia nyingine, na mimi nilikuwa nahesabu kila pumzi yake. Mwisho akaweka kalamu.

"Umekuja bila kuletwa. Nitaliandika hilo, nalo lina uzito kwenye faini. Kodi yenyewe iko pale pale. Duka halitaguswa wala kuuzwa mpaka tumalizane. Hilo la kampuni isiyo na leseni si la meza yangu, wataamua wengine kama mtashtakiwa. Wote wawili msisafiri. Laini hii inabaki hapa."

"Mtashtakiwa?" Kaka akauliza. "Wote wawili?"

"Nimesema wataamua."

"Sasa nitampigiaje?" nikauliza. Swali la kijinga, lakini ndilo lililotoka.

Afisa alinitazama juu ya ile miwani iliyomshinda. "Dada, hilo halimo kwenye faili."

Kaka alishuka kwa ngazi. Hata baada ya yote, aliapa kwamba mguu wake haukanyagi kwenye lile sanduku, na pia nadhani alitaka kulia bila sisi kumwona. Mimi na Fundi tukaingia kwenye lifti. Safari hii hakuwa na ufunguo. Alibonyeza kitufe kama mgeni yeyote.

"Unaogopa?" akauliza.

"Sana. Na wewe?"

"Sijawahi kuogopa hivi. Lakini nimepumua. Nimeacha, mpenzi. Nakuapia. Kuanzia leo nimeacha."

Nikamwamini. Nilitaka kumwamini, na kwa mwanamke anayependa mambo hayo mawili yanakaribiana mno. Nikaitoa simu yangu kwenye mkoba, nikafungua mgongo wake ili niichomoe laini.

"Chukua laini yako. Imeandikwa jina lako, na wewe huna laini sasa. Mimi nitasajili nyingine. Angalau nijue pa kukupata."

Akanyoosha mkono. Kabla sijaigusa laini, simu ikatikisika kiganjani mwangu na kioo kikawaka. Ilikuwa moja ya zile takataka nilizokuwa nazifuta kwa miaka miwili. Safari hii niliisoma, na wote wawili tuliisoma pamoja. *Mteja wetu wa siku nyingi, tumekukumbuka. Akaunti yako ya zamani bado ipo wazi. Beti ya bure inakusubiri leo tu.*

"Futa," akasema haraka.

Sauti ilikuwa imara. Mkono ulikuwa imara. Lakini mimi nilikuwa natazama macho. Yalikwenda mpaka mwisho wa ule ujumbe, yakarudi kwenye neno la *leo*, yakakaa pale. Weusi wa katikati ulikuwa umetanuka, kama wa mtu aliyeingia chumba chenye giza. Naliona jambo hilo kila siku kazini na halijawahi kunitisha.

Nikaifuta meseji. Nikaufunga mgongo wa simu, laini ikiwa bado ndani, nikairudisha kwenye mkoba na kuvuta zipu.

Aliuangalia mkoba. Aliniangalia mimi. Alielewa, kwa sababu mashavu yake yalishuka, na hakujitetea.

"Hunipi?"

"Bado," nikamwambia, nikamshika mkono kwa nguvu zangu zote.

Lifti ikafika chini. Kaka alikuwa ameshatangulia, anatweta, kashika ukuta. Alipotuona tumeshikana alifungua mdomo, akaufumba, kisha akauliza tu kama tumefika salama. Nikamwambia tumefika.